Mashua ya marehemu baba inavuja, na kaka anasema nifue maji tu

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mvuvi wa hapa Mikindani, nina miaka 31. Baba alipofariki alituachia mashua mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Dar es Salaam kwenye biashara zake. Ina urefu wa kama futi 22, mkuku wake, ule uti wa chini, ni mkongo, mbao baadhi ni mvule na nyingine sijui ni mti gani, maana zilibadilishwa zamani. Inakwenda kwa tanga, mashine hatuna. Navua kwa mshipi na nyavu nje kidogo ya mlango wa ghuba, na samaki wakiadimika nabeba mizigo ya watu, mihogo na kuni, kutoka na kwenda Msangamkuu.

Tatizo langu ni maji. Kusi la mwaka huu lilipochachamaa niliivuta juu pwani ikakaa miezi miwili. Tangu niishushe inavuja kuliko nilivyozoea. Ikilala kwenye nanga usiku kucha, asubuhi nakuta maji ya ndoo moja, ikizidi mbili. Lakini nikitweka tanga, hasa upepo ukitokea kulia na chombo kikalala kushoto, maji yanakuja mpaka yanafunika mataruma, zile mbavu za chombo. Tukipiga bisha, yaani tukigeuza upepo uje upande wa pili, kikalala kulia yanapungua, ingawa hayakomi. Yote nayaona tezi, yaani nyuma, kwa hiyo nikajua tundu liko tezi. Fundi mmoja akaniambia nipake saruji kwa ndani pale nyuma, na juu yake lami. Nikapaka. Nikaona nafuu siku chache, kisha hali ikarudi ile ile. Fundi mwingine akanipigilia kipande cha bati kwa nje, karibu na usukani. Na hilo halikusaidia.

Anayefua maji ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 14. Anafua kwa kidumu kilichokatwa, tangu tunatoka mpaka tunarudi. Wiki iliyopita tulikuwa tumepakia mihogo, upepo ukazidi, mtoto akachoka, viganja vikamtoka malengelenge, akaanza kulia. Mimi nimeshika usukani mkono mmoja na demani, kamba ya tanga, mkono wa pili, siwezi kumpokea. Tulifika salama, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Nilimpigia kaka. Alinijibu, "Chombo cha mbao chochote kinavuja, baba alifua maji maisha yake yote." Pesa hatoi na kuuza hataki. Kuna jamaa ananishauri nikope kwenye kikundi chetu ili mashua yote niivishe faiba.

Naomba unisaidie mzee wangu. Nianzie wapi kutafuta panapovuja? Nikope nisikope? Na kaka nimwambie nini?

Mwanao, mvuvi wa Mikindani.

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba na dada, na huyo kijana nifikishie pole yake peke yake.

Nitaanza na yeye kabla ya mbao. Mashua hiyo isitoke tena nje ya ghuba, wala isibebe mzigo wa mtu, mpaka ujue maji yanaingilia wapi na uwe umepaziba. Chukua tundu la upana wa sentimita 1 tu, kama pale ambapo msumari mnene umeng'oka, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa bahari. Hapo panaingia karibu lita 7 kila dakika. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika tatu, na inayofuata inaanza hapo hapo. Kadiri maji yanavyoongezeka ndani ndivyo mashua inavyodidimia, mbao zilizokuwa juu zinaingia chini, na mianya yao nayo inaanza kunywa. Tena maji ya ndani hayatulii: chombo kikilala kushoto nayo yanakimbilia kushoto, yanazidi kukilaza. Ndiyo maana chombo cha tanga kinachovuja huvumilia kwa muda mrefu, halafu kinapinduka ghafla wakati kila mtu aliyemo alishaanza kuizoea hali. Ukiwa na mihogo ndani, mwanangu, nafasi yako ya kujiokoa ni ndogo mno.

Na mtoto wa miaka 14 hakustahili kuwa pale. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kwenda baharini miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtoto hatakiwi kufanyishwa. Arudi darasani. Kama bahari iko damuni mwake, chuo cha uvuvi cha FETA kina kampasi hapo hapo Mikindani, kitamngoja amalize shule. Kwa sasa aje akusaidie nchi kavu kusokota pamba ya kuzibia mianya, na jioni ajifunze kuogelea. Kazi ya kufua maji mpe mtu mzima aliyevaa jaketi okozi.

Sasa tuje kwenye mashua. Barua yako imeshafanya nusu ya kazi. Usiku kucha kwenye nanga, ndoo moja au mbili: kwa chombo cha mbao cha umri huo si ajabu, ijapokuwa si hali ya kuachwa. Kikilala kushoto, mafuriko. Kikilala kulia, yanapungua. Basi mlango mkubwa wa maji si lazima uwe tezi, na wala hauko chini kabisa, maana ungekuwa chini ungevuja vile vile ukiwa kwenye nanga. Uko ubavu wa kushoto, juu ya mstari wa maji, kwenye mbao ambazo mashua ikisimama wima hazigusi bahari. Hizo ndizo zilizokaa juani miezi miwili. Mbao za chini zilipolowa zilivimba zikabanana tena, kwa sababu ubao huvimba na kusinyaa kwa upana wake. Hizi za juu hazikupata maji ya kutosha, zimesinyaa, na kalafati yake, ile pamba ya kuziba mianya, imelegea au imedondoka. Kumbuka mashua ilikaaje pale pwani, ubavu gani ulielekea jua la mchana. Naamini utaniambia ni wa kushoto.

Kuyaona maji tezi hakukuambii kitu. Mashua imekaa nzito nyuma, na wewe mwenyewe nahodha uko huko huko. Maji yanayoingilia karibu na omo, yaani mbele, yanapita nyuma ya mataruma, yanafuata mkuku, yanateremka mpaka ngama ya tezi, pale chini maji yanapotuama, na huko ndiko unakokutana nayo. Aliyekuambia upake saruji alikuzibisha pale maji yanapokusanyika.

Ila kuna pa pili pa kupatazama. Tanga likishika upepo, mlingoti unakandamiza mkuku kwa nguvu kubwa, na chombo kizima kinajinyonga kidogo. Kama misumari ya pale imechoka, ungio kati ya mkuku na ubao wa kwanza linafunguka na kufunga kila wimbi linapopita. Hayo yanaweza kuwa ndiyo yale maji ambayo hayakomi hata mkilalia kulia.

Kabla hujaipandisha, fanya jaribio moja ikiwa bado majini, siku ya shwari, ndani ya ghuba. Toa mbao za kukanyagia, toa farumi yote, ule uzito wa kutulizia chombo, fua mpaka ngama ibaki tupu, kisha kausha kwa vitambaa. Nyunyiza unga mkavu wa sembe kando ya mkuku na juu ya maungio ya chini. Kaa utazame bila kusogea sogea. Unga ukilowa unabadilika rangi, na unabadilika kwanza pale pale maji yanapochomoza: utaona uzi mwembamba wa kijivu kwenye ungio, unanenepa polepole, halafu unaanza kuteremka kuelekea tezi. Piga alama ya mkaa kabla haujateremka, kwa sababu baada ya muda mfupi kote kutakuwa uji mtupu. Ukimaliza chini, waombe watu watatu wakae ukingo wa kushoto, au funga kamba juu ya mlingoti muivute taratibu kutoka mashua nyingine, ilale kama inavyolala na tanga. Zile mbao za juu zikigusa maji, utaona zinavyolia. Weka alama kila mahali. Kisha laza kulia ulinganishe.

Siku ya mvua, kabla hujafua, onja maji ya ngama. Yakiwa hayana chumvi, hayo ni ya juu, na usiyaache yakae. Maji ya bahari hayaozeshi mbao haraka. Yanayoozesha ni ya mvua, yale yanayotuama kwenye pembe za mataruma yasipate upepo.

Sasa kuipandisha. Huku kwetu kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hiyo inakutosha, huhitaji kukodi mashine. Ipandishe kwenye bamvua la mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa. Siku zinazofuata maji hayatafika ilipo, maji mafu, yale madogo, yatapita, na bamvua la mwezi mwandamo, baada ya kama wiki mbili, litakuja kuichukua. Lakini usiifikishe pale maji yalipoishia kabisa, hasa Septemba na Oktoba ambapo bamvua huwa kubwa. Bamvua linalofuata likiwa dogo kidogo tu, mashua itabaki juu, na jua litaanza upya kazi yake ile ile. Wiki mbili zinatosha kama pamba, mafuta na misumari umeshaviweka tayari kabla ya kuivuta. Muda wote huo ubavu usiofanyiwa kazi uufunike kwa magunia yaliyolowa maji ya bahari, na juu yake makuti.

Ikishakaa juu ya magogo, banduabandua ile saruji yote kwa patasi, taratibu, na lami pia. Najua uliigharamia. Lakini saruji ni ngumu na mbao inatembea, kwa hiyo baina yake unabaki ufa usioonekana, maji yanajificha humo, na mbao inaoza ikiwa imefunikwa. Bati nalo ling'oe. Kiraka cha bati kina kazi yake: kukufikisha nyumbani siku ya dharura, kikiwa na kitambaa chenye lami chini yake. Kukaa nalo msimu mzima ni kuficha ugonjwa. Chini ya lile bati sitashangaa ukikuta mbao nzima kabisa, iliyotobolewa na misumari ya bati lenyewe. Hayo matundu yatakubidi uyazibe kwa vigingi vyembamba vya mti.

Hapo ndipo ulifanye jaribio la kinyume: tia maji ndani uone yanatokea wapi nje. Tia ya bahari, yasizidi kina cha kiganja, na ongeza vishikizo chini ya mbavu kwanza, kwa sababu mita 1 ya ujazo ya maji ni tani nzima, na mashua iliyo nchi kavu haina bahari ya kuishikilia kila upande. Zunguka na chaki. Pale panapotoka jasho nje na palipolowesha unga ndani, vikikutana, umepapata. Ukarabati wote ufanye kwa nje. Maji yanasukuma kutoka nje kwenda ndani: kilichowekwa nje yanakikandamiza, kilichopakwa ndani yanakibandua.

Kagua misumari na mbao zenyewe kabla ya kugusa kalafati. Misumari iliyokwisha hujionyesha kwa machozi mekundu yanayochirizika kwenye rangi, na mbao inayoizunguka huwa nyeusi na laini. Choma kwa ncha ya kisu: mbao nzima inagoma, iliyooza inakubali. Gonga kwa mpini wa nyundo kila hatua, usikie panapobadilika sauti. Tazama pia chini ya mstari wa maji vitundu vidogo vya kupenya sindano tu. Mdudu anayetafuna mbao za vyombo huingia akiwa mdogo kabisa, halafu anakua humo humo ndani akichimba njia pana, ubao unabaki ganda huku nje unapendeza. Ukikuta sehemu laini, kata mpaka ufike kwenye mbao ngumu, na kiraka chako kianzie juu ya taruma na kiishie juu ya taruma. Usikikubali cha kuning'inia katikati.

Msumari mpya uwe wa chuma kilichopakwa zinki. Usichanganye shaba na chuma mahali pamoja, kwa sababu ndani ya maji ya chumvi shaba inakimaliza chuma. Usiurudishe kwenye tundu lile lile lililolegea. Tundu la zamani lizibe kwa kigingi, msumari upige pembeni. Toboa kwanza kwa keekee, tundu jembamba kuliko msumari, kisha chini ya kichwa zungusha uzi wa pamba uliochovywa mafuta. Mafundi wa majahazi wamefanya hivyo siku zote, na vijana wengi siku hizi wanaruka hatua hiyo kwa haraka.

Kalafati sasa, na hapa nakuomba usikimbie. Toa ya zamani yote kwa ndoano ya chuma, mpaka uone ubao safi pande zote mbili za mwanya, bila kumega kingo. Mbao za juu zilizosinyaa usizipige zikiwa kavu hivyo. Zifunike kwa magunia yaliyolowa siku mbili tatu zivimbe kiasi chake, kisha zipunge upepo kivulini mpaka uso ukauke, ndipo upime mwanya uliobaki. Tafuta pamba ndefu, si ile ya godoro iliyokatikakatika. Isokote pajani iwe uzi unaolingana na mwanya: mwembamba penye wembamba, mnene penye upana. Ichovye kwenye mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya samaki, uikamue. Itie kwa chembeu, ile patasi butu ya kalafati, kwanza ukiikandamiza tu ikae urefu wote wa ungio, kisha urudi na nyundo tangu mwanzo.

Unapogonga, sikiliza. Pamba ikiwa bado haijashika, nyundo inatoa mlio mzito, uliokufa. Ikishashika mlio unakuwa mkavu, unapanda, na chembeu inaanza kurudisha mkono. Hapo simama. Nimeona mashua iliyokuwa na tatizo dogo ikavunjwa mataruma na kalafati iliyopigwa na mtu mwenye nguvu nyingi. Pamba ilijazwa ngumu kavu kavu, mbao zikavimba majini zikakosa pa kwenda, zikasukumana mpaka misumari ikang'oka. Kama hujawahi kushika chembeu, mtafute mzee anayejua na umlipe siku zake, wewe na mpwao mkae pembeni mkiangalia. Pesa ya fundi wa namna hiyo haipotei, na katika gharama zote za kazi hii ndiyo ambayo nisingekubali uipunguze.

Juu ya pamba weka deheni. Shahamu, mafuta ya mnyama, ipashe kwa moto mdogo, mbali na makuti yako, uchanganye na chokaa laini mpaka iwe nzito ya kupakika, na ujihadhari isikurukie machoni. Chokaa nunua dukani, usimpe mtu kazi ya kuchoma matumbawe. Samaki wako mwenyewe wanazaliwa humo. Mbao za juu zipake sifa mara mbili, ziwe zinarudiwa kila msimu. Watu wa kwetu tunakaa juu ya korosho na maganda yake tunayatupa, na mafuta ya ganda la korosho ni kinga nzuri ya mbao dhidi ya wadudu. Huko India wavuvi wanapaka nayo vyombo vyao. Ukiyapata kwa mtu anayebangua, vaa glovu na funika mikono, kwa sababu yanababua ngozi vibaya.

Faiba usikopee. Inashika vizuri kwenye mbao iliyokauka kweli kweli na isiyotembea, na ya kwako haina hata sifa moja kati ya hizo mbili. Utaivisha, itapendeza, maungio yatacheza chini yake, itapasuka nyufa nyembamba, maji yataingia na hayatatoka. Mkopo utaendelea kulipwa wakati mbao zinaozea ndani ya nguo mpya. Pamba, shahamu, misumari na ujira wa fundi havitakaribia gharama hiyo.

Kuhusu kaka yako. Baba yenu alifua maji, ni kweli, lakini nadhani alijua yanaingilia wapi na yanakuja kiasi gani, na alikuwa mtu mzima mwenye mikono yake. Usimpigie tena kumwambia inavuja, hilo amelizoea. Mpelekee picha za alama za chaki, za misumari iliyoliwa na za mbao chini ya saruji, pamoja na orodha ya vitu na bei zake. Mwambie waziwazi habari ya mpwa wenu siku ile ya mihogo, jinsi alivyokuwa analia na huna mkono wa kumpokea. Kisha mtafute mjomba wenu au mzee mwingine wa ukoo ambaye kaka anamheshimu, mkae pamoja simu ikiwa wazi, na jambo lizungumzwe hivi: kila mapato yanapogawanywa chombo kina fungu lake, na fungu hilo kwanza ni la kukitunza chombo, ndipo liwe la wenye chombo. Kama amekuwa akipokea mgao wake huko Dar es Salaam, basi gharama hizi zitoke kwenye fungu la chombo mpaka ziishe, na wewe uandike kila shilingi kwenye daftari atakaloweza kulisoma. Akikataa hata hilo mbele ya mzee, mashua ibaki juu ya magogo, isilete mapato kwa yeyote. Usiende nayo baharini ili kumridhisha. Na mkumbushe kuwa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndiyo inayokagua vyombo vidogo, na ikitokea ajali yenye mizigo ya watu, wenye mashua ni nyinyi wawili.

Ukiiteremsha, tarajia maji siku ya kwanza na usikate tamaa. Iache kwenye maji mafupi, mahali ambapo hata ikijaa itakaa tu mchangani, ilowe siku mbili. Ikishatulia, toka na tanga ndani ya ghuba tu, na mtu mzima mwenzako, majaketi mawili na ndoo iliyofungwa kamba. Ilaze kushoto kwa muda, fua, hesabu ndoo. Ilaze kulia kwa muda ule ule, fua, hesabu. Hesabu zote mbili uniandikie, na kama ya kushoto bado inazidi, niambie alama zako za mkaa zilikuwa kwenye ubao wa ngapi kutoka juu.